Mama wa Ndandalo Aliziosha Chupa Zake

Kyela, Jumanne mchana

Atupele mwanangu,

Hali yako sina haja ya kuiuliza. Asubuhi nimekuona ukila ndizi za kuchemsha ukiwa umesimama, ukajifunga kanga, ukachukua baiskeli ukaenda Talatala kumuaga bibi yako. Utarudi jioni. Kesho utapanda basi la kwenda Njombe, nami nitakuwa pale stendi nikisema maneno ya stendi: shika begi lako, ukifika Makambako usikubali kubebewa mzigo na mtu usiyemjua. Habari za blanketi na baridi ya kule mama yako ameshazisema zote. Mimi nina jambo moja tu. Ni refu, na nimeshindwa kulisema nikikutazama usoni, ndiyo maana mchana huu nimeshika kalamu wakati ningekuwa namenya maembe.

Jumatatu ya wiki iliyopita ulikuwa uani na rafiki yako, ukijaribu somo lako la kwanza. Ulipanga chupa tatu juu ya kigoda ukajifanya uko mbele ya akina mama wa kituo utakachokwenda kufundisha. Mimi nilikuwa jikoni nakata tangawizi, nakusikiliza, nimejaa fahari. Una sauti nzuri ya kufundishia, haina haraka. Ndipo ukasema: "Akina mama, usafi kwanza. Kwetu kulikuwa na mama mmoja wa Ndandalo, hakuosha chupa zake vizuri, akawaumiza watu kwenye ubatizo wa mtoto wake mwenyewe." Rafiki yako akauliza kama ni kweli. Ukamjibu, "Kweli kabisa. Baba ndiye aliyemfundisha. Muulize."

Kisu kikanikata kidole. Ulipoingia ukaniuliza damu ile ya nini, nikakuambia kisu ni kipya. Kisu kile tunacho tangu hujaanza shule.

Mama yule aliziosha chupa zake, Atupele. Aliziosha kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye. Nilikupa uongo ukiwa na miaka kumi na moja, na sasa unaufunga kwenye begi kwenda kuwafundishia watu wasionijua.

Nianze nyuma kidogo. Kabla hujazaliwa nilikuwa mpishi kwenye kambi ya wageni waliokuwa wakijenga barabara, huko juu upande wa Tukuyu. Mke wa mkubwa wa kambi ndiye aliyenifundisha jemu, achari na kuhifadhi matunda kwenye chupa yakakaa mwaka mzima. Alikuja kijana mwenzangu, Ambokile, kuosha vyombo. Nikamlaza chumbani kwangu. Nikamfundisha kila nilichokijua, maana nilidhani kazi ni nyingi na sisi ni wawili. Siku moja natoka getini, mlinzi akafungua mfuko wangu, akatoa pakiti ya sukari. Unajua sukari ilivyokuwa enzi zile za foleni. Mtu alifukuzwa kazi kwa kikombe kimoja, sembuse pakiti. Nilipogeuka nyuma nikamwona Ambokile kwenye mlango wa jiko, amevaa aproni yangu.

Sikuiweka mimi ile sukari. Na nikuambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu: mpaka leo sijui kwa hakika aliiweka nani. Huenda alivaa aproni yangu kwa sababu ya kwake ilikuwa imelowa. Sikumuuliza. Niliiona aproni, nikamaliza kesi kichwani mwangu, nikashuka nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kufunga milango.

Ilipokuja ruksa ya kila mtu kuagiza na kuuza, maduka yakajaa. Sukari ilivuka mto Songwe kutoka Malawi mchana kweupe, mitumba ikamwagwa sokoni, na ghafla kukawa na chupa tupu za kila aina, za kahawa, za siki, za jemu kutoka ng'ambo. Nikaona riziki yangu iko hapo. Maembe ya Kyela huoza chini ya miti mpaka nguruwe huyachoka. Mimi nikayatia kwenye chupa. Bwana Salehe akakubali kuziweka dukani kwake. Unamfahamu, wazee wake walitoka Kilwa, mtu wa maneno machache. Hata yeye sikumwamini. Akinisifu, nilijiuliza anataka nini. Akinyamaza, nilijiuliza anaficha nini. Unakumbuka jiko la nyuma nililolitia kufuli? Ulikuwa ukigonga, "Baba unafanya nini humo?" nami nikijibu kwamba napanga chupa.

Nilichokuwa nafanya ni kile unachokijua leo vizuri kuliko mimi. Chupa ikishajazwa rojo la embe na kufungwa, kazi haijaisha. Inarudi kwenye maji. Unatandika gunia ndani ya pipa, chini kabisa, unazipanga, maji yanazifunika mpaka juu ya vifuniko, unazichemsha nusu saa. Ukizitoa zikapoa, kifuniko kinavutwa ndani kikabonyea katikati, nawe unajua ni salama. Bila hivyo, unakuwa umefungia uozo ndani na kusubiri uamke. Kwangu hiyo haikuwa sehemu ya kazi tu. Ndiyo ilikuwa siri yangu, na niliamini kwamba siku mtu mwingine akiijua, nimekwisha.

Basi wakaja watu wa mradi mmoja wa akina mama wakaniomba niwafundishe akina mama wa Ndandalo. Nikakubali, kwa sababu walinilipa, na kwa sababu kuitwa Mwalimu ni kutamu. Tulikutana kwenye lile ghala la zamani la ushirika, kila Jumanne na Ijumaa, akina mama kumi na wawili. Niliwafundisha kuchagua embe, kupika, kuchuja, kutia ndimu, kuchemsha chupa tupu, kujaza rojo likiwa la moto, kufunga. Halafu nikasema, "Basi. Imekwisha."

Kisha nikawaambia kwamba chupa zinahitaji kutulia mahali penye giza, na kwamba nitazichukua kwangu nizirudishe wiki ijayo. Wakanisaidia kuzifunga kwenye baiskeli. Nikazileta hapa nyumbani, nikafunga mlango wa jiko la nyuma, nikazichemsha zote kwenye pipa. Wiki iliyofuata nikazirudisha nzuri, zimebonyea, hazina doa. Akina mama wakapiga vigelegele. Walidhani ni kazi ya mikono yao.

Mmoja hakupiga kigelegele. Aliitwa Tupokigwe, mke wa Lwitiko, mzaliwa wa Ngana aliyeolewa pale. Mama wa watoto wanne, mwembamba, mwenye maswali. Alikuwa amefunga uzi mwekundu shingoni mwa chupa yake ili isichanganyike na za wenzake. Aliishika chupa akaugeuzageuza ule uzi.

"Mwalimu," akasema, "uzi wangu ulikuwa mwekundu. Umerudi umechujuka. Hii chupa imeoga?"

Wenzake wakacheka. Mimi pia nikacheka. Nikamwambia, "Embe hutoa jasho, mama. Ukiona limetulia mahali penye joto, linatoka jasho mpaka nje." Upuuzi mtupu. Lakini mtu akiitwa Mwalimu, upuuzi wake huandikwa kwenye daftari. Niliwaona wakiandika.

Tupokigwe hakuandika. Alinitazama tu, na mimi nikamwogopa kuanzia pale.

Siku chache baadaye nilikuwa dukani kwa Bwana Salehe. Akaniambia, huku akipima mchele, "Kuna mama wa Ndandalo alikuja hapa kuuliza habari za chupa." Basi. Hakusema zaidi, nami sikuuliza. Nilitoka pale. Niliona jambo lote kama nalisoma gazetini: Tupokigwe ametumwa, au amejituma, anichungulie siri, kisha aje kwa Salehe na chupa zake, rahisi kuliko zangu. Nikamwona tayari amevaa aproni.

Maembe yalipokuwa karibu kwisha, Tupokigwe alijaza chupa zake mwenyewe, nyumbani kwake, kwa kufuata daftari nililowapa. Alikuwa ameweka nia ya kuzitumia kwenye ubatizo wa mtoto wake wa mwisho, baada ya Pasaka, wageni wachanganyiwe na maji wanywe. Wiki moja kabla ya ubatizo alikuja hapa. Wewe ndiye uliyemfungulia na kumpa kigoda. Alikuwa amebeba chupa moja ndani ya kikapu.

"Mwalimu, ugonile," akanisalimu. Kisha akaitoa. "Kifuniko kimevimba. Zipo tatu hivi. Nyingine ziko bapa, si za kuvimba wala za kubonyea. Nifanyeje?"

Atupele, nilijua. Nilipoiona tu, nilijua. Chupa iliyovimba ni mbovu, na zile bapa zilizokuwa jirani yake zilikuwa njiani. Ilikuwa ni kusema maneno mawili, kamwage zote. Lakini nilimtazama usoni nikajiambia: huyu amekuja kunichimba. Anajua zangu hubonyea, anataka nimwambie kwa nini. Nikamrudishia chupa yake.

"Mimi sikuwepo ulipopika," nikasema. "Nitajuaje?"

"Lakini wewe ndiye mwalimu."

"Nilishafundisha, mama. Daftari unalo."

Alisimama kidogo, akafunga kikapu. "Ndaga," akanishukuru, akaenda zake. Alikunywa maji kwako mlangoni. Hilo nalikumbuka.

Zile tatu alizimwaga. Zile bapa akazinusa moja moja, akaonja, akaona sawa, akazitunza. Siku ya ubatizo watu wakanywa. Hadi jioni nusu ya wageni walikuwa wanatapika na kuharisha, watoto kwa wakubwa. Mama yake Lwitiko, ambaye alikunywa vikombe viwili kwa kumpenda mkwewe, alibebwa kwenye kitanda cha kamba mpaka barabarani, akapakiwa kwenye pikapu hadi hospitali. Alilala huko siku nyingi. Hakufa mtu, namshukuru Mungu, Kyala wetu. Lakini wewe umekulia huku, unajua watu wakiugua pamoja kwenye sherehe moja neno gani hutajwa. Halikutajwa embe. Ilitajwa sumu.

Ukaitishwa mkutano, palepale kwenye ghala. Bwana afya alikuwepo, na wazee wa ukoo wa Lwitiko, na watu mpaka nje. Nikaitwa nami. Bwana afya akauliza, "Mwalimu, wewe uliwafundisha nini hawa?"

Nikasimama. Nilikuwa nimevaa koti. Nikasema, "Niliwafundisha kuosha na kuchemsha chupa, ndugu. Wenzake kumi na mmoja chupa zao ni nzima, waulizeni. Usafi wa mtu nyumbani kwake mimi siwezi kuusimamia."

Wenzake wakaitikia kwa kichwa, kweli chupa zao zilikuwa nzima. Si ndizo nilizozichemsha mimi? Hawakuwa bado wamepika za kwao.

Tupokigwe alikuwa ameketi chini, mbele, na mtoto mgongoni. Hakulia wala hakujitetea. Aliinua uso akanitazama, akasema neno moja tu: "Uzi."

Hakuna aliyeelewa. Mzee mmoja akauliza, "Anasema nini?" Nikajibu kwamba sijui.

Baada ya wiki mbili ukoo wa mumewe ulimrudisha kwao Ngana. Mtoto mchanga alikwenda naye. Watatu walibaki.

Nilipofika nyumbani siku ile ya mkutano mama yako aliniuliza imekuwaje, nikamweleza, kwa sababu yeye alikuwa anajua kila kitu cha jiko la nyuma. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Baba Atupele," akasema, "kesho utarudi useme." Nikamwambia, nikisema nani atanunua tena kitu changu? Hakubishana. Ila msimu wote wa maembe uliofuata hakutia mguu jikoni kwangu. Nilimenya peke yangu. Wewe ulipouliza kilichotokea Ndandalo, nilikuambia kwamba kuna mama hakuosha chupa. Ulikuwa unajifunza kuosha chupa wakati huo. Nikaona uongo huo utakufaa.

Sijawahi kulala vizuri kwa sababu ya jambo hilo, lakini pia sikuacha kushuku. Usidhani nilijifunza mara moja. Wanawake kumi na mmoja waliobaki niliwaambia wasipike tena bila mimi, nikasema ni kwa usalama wao. Wengi waliacha kabisa. Na hata wewe nilikushuku. Ulipokuwa kidato cha pili nilikuta umeandika hatua zote za rojo la embe kwenye daftari la shule, pamoja na pipa na gunia. Nikapekua mfuko wako nikitafuta jina la uliyemwandikia. Ilikuwa insha ya Kiswahili. Kichwa chake kilikuwa "Kazi ya Baba Yangu". Mwalimu wako alikuwa amekupa alama za juu. Nilirudisha daftari pale pale nikatoka nje, na hukujua.

Sasa usikie ya siku hizi chache, kabla hujayasikia stendi kutoka kwa watu wengine.

Jumatano nilikuaga nakwenda kutafuta ndimu. Nilikwenda Ngana. Nilimkuta Tupokigwe nje ya nyumba ya kaka yake, anageuza vipande vya embe juu ya majamvi, majamvi mengi, na wanawake wawili vijana wanamsaidia. Hakuna chupa hata moja pale. Ana mvi sasa. Nilisalimia, akaitikia, lakini hakunikaribisha kivulini. Nikaongea nikiwa nimesimama juani. Nikamwambia habari ya pipa, na gunia, na nusu saa.

Akageuza kipande kimoja, kisha kingine. "Maji ya moto," akasema. "Hilo nilishalijua. Nililijaribu mwenyewe nilipofika hapa, nikafunga uzi kwenye chupa nikaichemsha. Ukachujuka vilevile. Ambacho sikukijua ni kwa nini."

"Nilikuogopa," nikamwambia.

"Mimi?" Akaacha kazi. "Nilikuwa na nini hata uniogope?"

Nikamweleza kuhusu duka la Bwana Salehe, kwamba nilisikia alikwenda huko. Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Nilikwenda kumuuliza kama ana vifuniko vipya," akasema. "Vyangu vilikuwa na kutu. Nilidhani ndiyo maana zangu hazibonyei kama zako."

Nikaanza kuomba msamaha, akanizuia kwa mkono.

"Hapa tuko wanne, Mwalimu. Pale mlikuwa umati. Kayaseme kule ulikosemea yale mengine."

Nikauliza kama akishasikia kwamba nimesema, atanisamehe. Akajibu, "Wewe kaseme. Mimi nina maembe yangu hapa." Nikaondoka. Yule mtoto aliyekuwa mgongoni siku ya mkutano alinisindikiza mpaka njia panda kwa adabu kabisa. Ni msichana mrefu. Hakujua mimi ni nani.

Jumapili, ulipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilikwenda Ndandalo. Nikamwomba mwenyekiti wa kijiji nafasi ya kusema watu wakitoka kanisani. Lwitiko alikuwepo. Mama yake alikuwepo, amekaa kwenye kiti kilicholetwa kwa ajili yake. Tangu ule ugonjwa miguu yake haikurudi kuwa na nguvu. Nikasema yote, Atupele. Nilisema kuhusu baiskeli iliyopakia chupa, kuhusu kufuli, kuhusu kifuniko kilichovimba alichoniletea Tupokigwe nyumbani nikakataa kukisoma.

Lwitiko hakunipiga, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Alisema tu, "Miaka tisa, Mwalimu. Watoto wangu wamelelewa na shangazi miaka tisa." Akaondoka akiwaacha watu wamegawanyika mbele yake kumpisha.

Mama yake ndiye aliyebaki kuniuliza. "Kwa hiyo haikuwa sumu?"

"Haikuwa sumu, mama. Yalikuwa maembe yaliyoharibika kwa sababu nilificha kazi."

"Na yeye hakujua?"

"Hakujua. Aliniuliza mara mbili, sikumwambia."

Akasugua goti. Kisha akasema, si kwangu, ni kwa watu wote: "Mimi ndiye niliyesema aondoke. Lwitiko hakutaka." Hakuna aliyenipa mkono. Niliondoka pale na baiskeli yangu nikiwa nimeikokota mpaka nilipopotea machoni pao.

Jana nilikwenda kwa Bwana Salehe. Nisikufiche, nilikwenda kuhakikisha kama Tupokigwe alisema kweli. Ndivyo nilivyo, hata nikiwa natubu nataka shahidi. Nikamuuliza yule mama wa Ndandalo alitaka nini siku ile. Akakumbuka mara moja. "Vifuniko. Aliuliza kama nitaleta kutoka Mbeya. Sikukuambia?"

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza," akasema. Kisha akanionyesha chupa zangu. Ameziondoa mbele, ameziweka chini ya kaunta. "Watu wameanza kusema, Mpishi. Tusubiri kidogo." Nilitembea nyumbani nikijiuliza Salehe amemwahidi nani nafasi ile ya mbele. Njiani nikajishtukia. Lakini swali lilikuwa limeshakuja lenyewe.

Kwa hiyo siwezi kukuambia usishuku. Nitakuwa nasema kwa kinywa kisicho changu. Huyo mkuu wa kituo aliyekuandikia, barua yake ni tamu mno. Nimeisoma mara nne nikitafuta mwiba. Huyo utakayekaa naye chumba kimoja, sijui kwao wapi. Nashuku hata basi. Ninachokuomba ni kidogo: ukimshuku mtu, kamuulize kwa mdomo wako, siku hiyohiyo, hata kama utaonekana mjinga. Mimi niliona haya kumuuliza Ambokile, na Salehe, na Tupokigwe, watu watatu, na kila mmoja jibu lake lingekuwa fupi.

Na ukisimama mbele ya akina mama wa Njombe, watakuwepo wa kucheka na wa kuandika, na atakuwepo mmoja wa kukutazama tu. Utamwogopa. Huyo mwonyeshe pipa kwanza kabla ya wengine. Ule mfano wa mama wa Ndandalo usiutumie tena. Au utumie, lakini useme ilikuwaje, na useme mwalimu alikuwa baba yako. Nakuruhusu.

Nilikuwa nimefika hapa, nataka kuweka jina, mama yako akaingia. Asubuhi alikuambia hawezi kufuatana nawe Talatala kwa sababu ya mguu. Mguu wake ni mzima. Alikwenda Ndandalo, akamkuta mama yake Lwitiko ameshajifunga kanga mbili, ameketi mlangoni tangu jua linachomoza. Mjukuu wake mmoja akampakia kwenye baiskeli, mama yako akatembea pembeni akimshika mgongo, wakisimama na kupumzika mpaka wakafika Ngana.

Mama yako anasema Tupokigwe alipowaona aliendelea kugeuza maembe. Hakukimbia kuwapokea, wala hakuwafukuza. Bibi yule akashushwa, akawekwa kwenye jamvi tupu kando ya yale yenye maembe. Halafu bibi akanyoosha mkono, kiganja juu. Tupokigwe akautazama mkono ule, akaangalia pembeni, mwishowe akachukua kipande cha embe kikavu akakiweka kiganjani. Bibi akakila.

Nikamuuliza mama yako, "Alimeza, au alikishika tu mdomoni?"

"Alimeza."

"Una hakika? Ulimwona koo?"

Mama yako akavua viatu, akaketi, akanitazama. "Baba Atupele," akasema, "alimeza, akanyoosha mkono tena."

Nakutakia safari iliyo shwari. Mimi ni baba yako, niliyechelewa kusema.